Taa ya Wati Tatu

Umeme niliununua Jumamosi. Jumatano asubuhi mita ikaanza kulia. Nilisimama mbele yake, kikombe mkononi, kama mtu anayesomewa mashtaka ya wizi asioufanya. Siku nne! Nyumba ya watu wawili, mimi na mama yangu, haina kiyoyozi, haina jiko la umeme, na friji lenyewe liliharibika zamani, tumeligeuza kabati la sukari na unga. Nani kala?

Nikageuka, nikamwona mshitakiwa. Alikuwa ananing'inia katikati ya chumba cha mama, anawaka saa tatu ya asubuhi bila ya haya.

Chumba kile, niseme ukweli, bila ya taa ni usiku siku zote. Tunakaa ghorofa ya chini, Malindi, kwenye kichochoro ambacho ukitaka kuliona jua sharti ulale chali katikati ya njia, na watu watakukanyaga. Mama ni mshonaji wa foronya na mapazia, na cherehani yake iko chini ya globu ile miaka nenda miaka rudi. Taa huwashwa akimaliza kusali alfajiri, huzimwa akipanda kitandani. Mimi nami ni mtu wa ndani. Nnachapa barua na kadi za harusi kwenye kompyuta, na sitoki ila kwa dharura. Watu wa barazani wamenipachika jina, mwari. Nikipita huuliza, "Mwari, leo umetolewa?"

Siku ile nilijitoa mwenyewe, nikenda Mlandege kwa muuza vifaa vya umeme. Nilimwambia nataka globu isiyokula.

"Hii wati tatu, sheikh," akasema. "Haili kitu."

"Na nuru inayo?"

"Nuru imo. Ila usiitafute."

Nilicheka, nikainunua. Ilikuwa haipiti limau kwa ukubwa. Mama alipokwenda kukoga nilipanda juu ya kiti, nikaitoa ya wati kumi na mbili, nikaitia ile ndogo. Sikumwambia, kwa sababu ningemwambia angekataa. Nilikuwa nshatayarisha na hotuba, maana nilijua atatoka na kelele: nani kanizimia taa yangu?

Hotuba haikuhitajika. Alikaa kwenye cherehani, akainua uso mara moja, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. Akaivaa. Akaifuta tena. Kisha akainamia kazi yake. Nikajisifu moyoni, nikenda kutia maji ya chai.

Mwezi ukapita, nikawa nimenunua umeme mara zile zile. Nilipigwa na butwaa. Nikachukua boksi la globu, nikatafuta maandishi ya wati, kisha nikazunguka nyumba kusoma vifaa vyote, mpaka nikafika kwenye birika langu la umeme linalokaa karibu na kompyuta. Nikalipindua, maji yaliyobaki yakaniroanisha shuka, na chini yake pameandikwa wati elfu moja na mia nane.

Nilimaliza kidato cha nne, na fizikia nilipata alama ambayo si lazima tuitaje, lakini kuzidisha nnaweza. Dakika tano kila nikichemsha, mara sita kwa siku. Karibu uniti nzima kwa siku. Taa ya mama, kwa zile wati tisa nilizompunguzia, tangu alfajiri mpaka kulala, siku thelathini, ni uniti nne. Nikarudia hesabu nyuma ya kadi ya harusi ya mtu. Jibu halikubadilika. Nuru niliyomnyima mama mwezi mzima, mimi nimeinywa kwa siku nne na nusu, na maziwa ya unga.

Ningekuwa mtu, ningeirudisha taa saa ile ile. Globu ya zamani ilikuwa juu ya kabati, na kazi yenyewe ni kuvuta kiti tu. Nikasema kesho. Nikachemsha maji nipumzishe akili. Kesho ikawa wiki mbili.

Asubuhi moja akaja binti wa mama yangu mdogo kutoka Chwaka, ana gari ya mizigo inamsubiri Malindi barabarani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu, kaa. Nitie maji ya chai?"

"Sikai. Nimefuata cherehani."

Nilidhani mzaha. Mama akatoka chumbani, mkono mmoja ukutani, akamwambia, "Kamata upande huo, mwanangu, mguu wa nyuma umelegea." Mpaka nimeinuka, cherehani ishabebwa na binti yule na mchukuzi wake, ishakata kona.

"Mama! Umempa?"

"Nimempa. Yeye kijana, ataitumia."

"Na wewe?"

Alikaa pale ilipokuwa cherehani, pameacha alama nne sakafuni. "Macho yangu yameondoka," akasema, taratibu kabisa, kama anayesema chumvi imekwisha. "Wiki ya sita hii. Yaliondoka siku moja, niliingia kukoga naona, nikatoka sioni. Mama yangu yalimwanza hivi hivi. Nilinyamaza usije ukanikokota hospitali. Nshajizoeza. Nikitoka humu nnafumba macho nnatembea. Kitandani mpaka chooni hatua kumi na moja."

Nikaweka kikombe changu chini. Hatua kumi na moja! Mimi niko chumba cha pili nnaandika "tunayo furaha kukualika", na mama yangu anajifundisha upofu.

"Mama," nikasema, "si macho."

"Nini?"

"Taa. Niliibadilisha. Nilitia ndogo."

Hakunifahamu. Nikavuta kiti, nikapanda, nikateremsha ile ya zamani juu ya kabati, imejaa vumbi. Nikaifuta kwa shati, nikaitia. Nilipowasha, chumba kikajaa mpaka pembeni, nikaona utando wa buibui ambao sijapata kuuona. Mama akaziba uso kwa mkono. Kisha akasema, "Niletee sindano na uzi mweusi."

Akalamba uzi, akaupeleka. Ukapita kando. Akaupeleka tena, ukapinda. Nikawaza, na ikiwa taa na macho vyote viwili? Mara ya tatu uzi ukaingia, ukatokea upande wa pili. Akauvuta, mrefu, mrefu, akautazama.

Nilidhani atalia au atanitukana. Aliuliza tu, "Ulikuwa unaniona nnapapasa?"

"Nilikuona unafuta miwani."

"Ukenda kunywa chai."

"Nikenda kunywa chai."

Mchana nilimpigia simu ndugu yangu wa Chwaka, nikamweleza yote, na mama kakaa mbele yangu kuhakikisha sirukishi kitu. Yule binti akasema, "Lahaula! Kaka, umemzima mama mkubwa?" Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha sauti ikamrudi. "Lakini nshapokea kazi. Sare za skuli, za watoto wa watu. Nishike nini mimi sasa?"

"Mwambie amalize," akasema mama. "Na akimaliza akae nayo. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu. Utanitafutia nyengine wewe."

Nnaitafuta. Birika nimelipeleka kwa fundi auze, chai sasa nnapikiwa kwa mkaa, tena nnapewa kikombe kimoja. Mama anashona kwa mkono, chini ya wati kumi na mbili, na wanunuzi wanasubiri. Na umeme wa mtaa wetu mnaujua: huwa unapungua nguvu wenyewe mchana, taa ikanywea kidogo, kisha ikarudi. Inaponywea, mama husimamisha sindano. Wala haitazami taa. Hunitazama mimi.