Mkono wa Katekista

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi uimalize, maana haya hayakumpata shangazi wa jirani. Yamenipata mimi, Mchaga mwenye akili zangu timamu, ninayeuza vitenge vya jumla Kariakoo, na mkono ninaokuonyesha huu ndio shahidi wangu.

Kikanisa chetu kiko chini bondeni, jirani kabisa na Mto Msimbazi. Mto wenyewe unaujua, mvua ikinyesha kidogo tu unahamia barabarani. Mwaka ule tulikuwa tunajiandaa na jubilei, mwenyekiti wa kigango akanipa kazi ya kuandaa historia ya kanisa, niisome mbele ya askofu. Nikawauliza wazee. Wote wakaniambia lilelile: katekista wa kwanza, aliyekuwa fundi kwenye karakana ya reli pale Gerezani, alitoweka usiku wa mafuriko, na kengele ya shaba ikatoweka usiku huohuo. Kaiba, kaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, katoroka. Nikaandika hivyohivyo, tena kwa mbwembwe.

Shida ni kwamba huyo mwizi ana binti, na binti mwenyewe yu hai. Bibi Veronika. Baba yake alipopotea alikuwa mtoto mdogo, na tangu hapo akaitwa mtoto wa mwizi. Mpaka uzeeni anakaa benchi la nyuma kabisa, peke yake. Aliposikia naandika historia, akanifuata dukani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ukifika kwa baba yangu, mruke tu. Nisisikie tena yale maneno, tena mbele ya askofu. Nimechoka."

Nikamjibu historia ni historia, bibi. Jeuri gani ile, jamani!

Sasa sikiliza. Jioni moja ya mvua nikaenda misa. Umeme umekatika, watu wa kuhesabu, mwanga ni mishumaa ya altareni tu. Karatasi ya historia iko kwenye mkoba. Nimekaa kwenye benchi peke yangu, nakuapia, peke yangu. Padri akasema tutakiane amani. Nikageuka kushoto kwa mazoea tu, na hapo kuna mtu. Kijana, rika la mwanangu wa kwanza, shati linachuruzika maji. Nikasema amejikinga mvua huyu. Nikampa mkono, "Amani ya Kristo."

Mama yangu! Ubaridi ule! Kama samaki wa Feri aliyetolewa kwenye barafu sasa hivi. Na mkono wenyewe haukukamilika, vidole viwili vya mwisho havipo. Nikavuta, hakuniachia. Nikamtazama usoni, nikaona tope linamtoka puani.

"Dada," akasema taratibu, "lile usilisome. Kengele ninayo mimi."

Nilipiga ukelele mpaka padri akanyamaza. Watu wakanigeukia. Kushoto kwangu hapakuwa na mtu, ila benchi limelowa chapachapa na kiganja changu kimejaa tope. Niambie wewe, ndani ya kanisa lenye sakafu ya vigae, tope lile nililitoa wapi?

Wa kwanza kunifikia alikuwa Bibi Veronika. Nikamweleza huku meno yanagongana. Nilipofika kwenye vidole, akakaa palepale sakafuni. Mashine ya karakana ndiyo iliyomkata baba yake vile vidole. Wazee hawakuniambia, na mimi sikuwauliza.

Ile karatasi niliichana usiku uleule. Lakini ningeandika nini badala yake? Nani angeniamini?

Wiki chache baadaye, watu waliokuwa wanachimba tope mtoni wakasimamisha katapila lao ghafla. Tulikimbia kanisa zima. Kijiko kilikuwa kimeinua kengele, imeota kutu ya kijani, na mnyororo wake umezungukwa na mifupa ya mkono wa mtu. Mzee mmoja, mmoja wa walewale walioniambia mwizi, akaanza kulia kama mtoto.

"Ililia usiku ule," akasema. "Ndiyo iliyotuamsha tukakimbilia juu na watoto. Hatukujiuliza nani alikuwa anaipiga."

Uwiii! Miaka yote hiyo! Watu wamepona kwa kengele yake, halafu wanamcheka binti yake kwa kengele hiyohiyo. Mbele ya askofu nilisoma vingine kabisa, na Bibi Veronika alikuwa benchi la mbele.

Ila mimi mkono wangu wa kulia haujapata joto tena. Gusa uone. Hospitali wamepima mpaka wamechoka, na kitenge siku hizi nakipapasa kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo nakuonya ndugu yangu, mtu akipotea, usiseme katoroka kama hukumwona akitoroka. Huenda siku moja akaja kukaa jirani yako akakupa mkono.

Na usidhani nalalamika. Kila Jumapili Bibi Veronika anakuja kukaa na mimi. Amani ikifika, anaushika mkono huu kwa mikono yake yote miwili, anaukumbatia kifuani, hauachii. Watu wameshakaa, padri anaendelea, mimi najaribu kuuvuta kidogo kwa aibu.

"Ngoja kwanza, mwanangu," ananinong'oneza. "Sijamaliza kumsalimia baba."