Joho la Shujaa wa Nyota

Mshona vitabu wa Lushoto huongea sindano ikiwa mdomoni, na uzi huupaka nta mara tatu hata kama kazi yenyewe ni daftari la mahudhurio la kijiji cha ujamaa. Mwalimu Raheli alimtumia magazeti kumi na mawili ya katuni ya Kiingereza, ya shujaa arukaye kati ya nyota, ayashone yawe kitabu kimoja cha shule. Yalitoka Lukozi na lori la kabichi, kamba ikakatika, yakachanganyika, nayo hayakuwa na majalada wala namba. Juma zima roho ya Raheli ilikuwa juu, maana mzee hajui Kiingereza, na shujaa angeweza kufufuka kabla hajafa.

Siku ya kukichukua aliamkia, akaitikiwa marahaba ya puani, akafungua jalada jeusi lililobaki mzee aliposhona vitabu vya nyimbo za kanisa. Alipekua mpaka mwisho, akashusha pumzi. Hadithi ilikuwa imenyooka.

“Mzee, umejuaje?”

Akatoa sindano mdomoni. “Nilifuata joho lake, mwalimu. Hapa limechanika, hapa tundu limepanuka, hapa kalishona mwenyewe.” Akaupapasa mshono uliochorwa. “Kalishona vibaya.”