Hatua Ishirini Nyuma ya Mama Mkwe

Mimi sikutaka kupanda mlima wowote. Ni fundi wa boila katika kiwanda cha majani chai nje ya mji wa Kericho, na nikipata wikendi ya mapumziko najua ya kuifanyia: kulala, kufua ovaroli, kula, kulala tena. Lakini kanisa la mama mkwe wangu huko Kabianga liliandaa matembezi ya siku mbili kwenye milima iliyo juu ya Londiani, vilele vitatu na maombi kwa kila kilele, na yeye akawa wa kwanza kujiandikisha. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, anachuma chai yake mwenyewe, anakamua ng'ombe wake mwenyewe. Mke wangu alikuwa ananyonyesha, hangeweza kwenda. Akaniambia niende mimi, nimwangalie mama yake.

Nilimuuliza nitamwangaliaje. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe.

Mimi ni mtu wa ziwani. Kwetu mama mkwe huheshimiwa kwa umbali: humpi mkono, huli naye meza moja, mkikutana njiani unampisha. Mke wangu ni Mkipsigis, na mama yake aliishika heshima hiyo kuliko wengi wa kwao. Watu hudhani ndoa ya makabila mawili lazima ilete vita vya mila, lakini sisi wawili tulielewana hapo bila hata kikao. Kwa miaka tisa sikuwahi kuketi naye chumba kimoja zaidi ya dakika tano. Akiwa na neno la kuniambia alimwambia binti yake, nami nimesimama mlangoni nasikia kila kitu, kisha mke wangu ananirudia maneno yale yale kana kwamba mimi ni kiziwi. Kila mwezi alituletea kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya mkaa, na kusema ni ya watoto, wakati anajua vizuri watoto hawayagusi. Nilimpenda sana. Sikuwahi kumwambia, na sidhani ningeweza.

Kiongozi wetu alikuwa askari wa msitu aliyestaafu, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni na asiyependa mzaha. Pale kwenye geti la msitu alitupanga wawili wawili. Alisema hakuna wa kutoka kwenye njia bila kumwambia mwenzake, hata kwa haja ndogo, kwa sababu huko juu ukungu haupigi hodi ukija. Watu wakacheka, hasa kwa hiyo haja ndogo. Yeye hakucheka.

Jumamosi asubuhi tulipita kwenye mianzi, matope yakituvuta viatu, tukafika kilele cha kwanza tukiimba. Mama mkwe alikuwa amevaa gambuti za mpira, sketi mbili na sweta ya marehemu mume wake. Alipangwa na mwalimu wa watoto wa kanisani, mama mwenye pumzi fupi. Mimi nilikuwa nyuma yao, hatua kama ishirini, macho yangu kwenye visigino vya wengine. Kilele cha pili kilimshinda yule mwalimu. Alitapika, kichwa kikamuuma, na msaidizi wa kiongozi akamrudisha kambini pamoja na mwenzangu mimi, kijana wa kwaya aliyekuwa ameteguka kifundo.

Kiongozi akasimama mbele yetu. "Huyu mama amebaki bila mtu. Nani atatembea na yeye?"

Kila mtu alikuwa na mwenzake. Nikasema, "Mimi niko nyuma yake. Nitamwangalia."

Hakuniuliza mimi ni nani kwake, na mimi sikumwambia. Angejua ni mkwe angekataa, maana naye ni Mkipsigis, angefahamu mara moja kwamba hakuna mtu mbaya zaidi wa kupewa kazi ile. Nilinyamaza kwa sababu nilijiona mwanamume wa kutosha. Mama mkwe naye alisikia, akajifunga leso vizuri kiunoni, akaanza kutembea.

Kati ya kilele cha pili na cha tatu ukungu ulitushukia. Nilimwona akisimama, akatazama kushoto na kulia, kisha akatoka kwenye njia na kuingia vichakani upande wa bonde. Nilijua anaenda kufanya nini. Nikageuka nikampa mgongo, nikatazama upande mwingine ambako hakukuwa na chochote cha kutazama. Nilingoja kidogo. Halafu nikafikiri: atatokaje pale wakati mkwe wake amesimama kama mlinzi? Atakuwa ananingoja niondoke. Kwa hiyo nikaondoka. Nilitembea haraka, kwa adabu zote, nikampita, nikawafuata wenzangu hadi kileleni.

Kiongozi aliuliza mama ako wapi. Nikasema anakuja. Mchungaji alikuwa ameanza maombi na wanawake wamefumba macho, na mimi niliona haya kutaja mbele yao alikokwenda. Hayo tu. Si kwamba nilisahau. Maombi yalikuwa marefu, na yalipofika katikati mvua ya mawe ikatupiga, kila mtu akajikunyata. Ilipopungua kiongozi alinijia tena, na safari hii nikamwambia yote, pamoja na kwamba mimi ni mkwe.

"Wewe si ulisema unamwangalia?" alisema. Hakunitukana. Alipuliza filimbi.

Tulirudi tukitafuta. Wanawake waliita kwa Kipsigis, wanaume walipiga miluzi. Mimi nilipewa kipande kile nilipomwona mara ya mwisho, nikateremka vichakani hadi nikafika kwenye ukingo wa korongo. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona chini. Nilidhani nimesikia kitu, kama tawi linavunjika, au mnyama.

Sikuita. Jina lake halijawahi kutoka kinywani mwangu, na hata "mama" lilinikwama. Nilikohoa. Hivyo ndivyo unavyofanya ukikaribia nyumba ya mama mkwe, au kijito ambako wanawake wanaoga: unakohoa, na kama yuko katika hali ya kuonekana, atakujibu. Asipojibu, unapita njia yako. Nilikohoa mara mbili, nikangoja. Hakuna aliyejibu. Nikapanda tena nikamwambia kiongozi kwamba upande ule hakuna mtu, naye akawapeleka wote ng'ambo ya pili ya mlima hadi giza likatufukuza.

Usiku ule siusimulii. Kulikuwa na baridi ya kuumiza meno, na mimi nilikuwa ndani ya hema.

Wanawake walimpata Jumapili asubuhi, chini ya ukingo ule ule, hatua chache kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Alikuwa hai. Nyonga ilikuwa imevunjika na maji ya matope yalikuwa yamemlowesha hadi kifuani. Walimfunika leso mwili mzima, uso pia, ndipo wakatuita sisi wanaume tuje na machela ya mianzi. Nilibeba upande wa miguuni. Njia nzima hakusema neno, na nilijua anajua ni mimi, maana hata mzigo wake nilikuwa naubeba nimegeuza uso.

Hospitali walishughulikia nyonga, lakini mapafu yalikuwa yameshika baridi. Alifariki siku ya tano. Kwenye mazishi watu walisema ukungu ndio uliomuua, na mimi niliitikia pamoja nao. Nilimwambia mke wangu hivyo pia, kwamba nilitafuta kila mahali. Aliniangalia tu, akaendelea kumnyonyesha mtoto. Nilijidharau, lakini niliendelea kusema hivyo kwa yeyote aliyeuliza.

Wiki tatu baada ya mazishi tulikuwa shambani kwa marehemu, tunachuma, maana chai haingoji matanga. Mke wangu alikuwa kwenye mstari wa pili, mikono yake haikusimama. Aliniambia mama yake alizungumza naye hospitalini, siku ya tatu, kabla ya kuzidiwa.

"Alikusikia ukikohoa," alisema.

Mimi nilisimama. Yeye aliendelea kuchuma.

"Ulikuwa hapo juu yake. Alikuwa ameteleza kabla hajajifunga, sketi zimebaki kwa miti. Alikuwa uchi na amejichafua. Alijiziba mdomo na mkono usisikie akilia."

Nikamuuliza kama mama alikuwa amenikasirikia. Nilitaka aseme ndiyo.

"Hapana," alisema. "Alisema amepata mkwe mwenye heshima. Alisema nikwambie asante kwa kupita."