Mkia wa Nyota Juu ya Boma la Okelo

Niliondoka nyumbani Masara kwa sababu ya ndugu yangu mdogo, Okelo. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nyota yenye mkia ilionekana mashariki kila alfajiri, na watu wa sokoni walimwambia kwamba mkia ule umeelekea boma lake, ishara ya balaa. Mvua zilikwisha kuanza, lakini yeye, badala ya kupanda, aliazimia kubomoa nyumba na kuhamia ng'ambo ya mto. Watoto wake sita wangekula nini? Nilimkemea: mkia huwa nyuma, kama wa ng'ombe, kwa hiyo nyota inatuacha. Akanijibu, "Kaka, hayo umeyapima, au nawe uliambiwa?" Niliposikia kwamba wataalamu wa elimu ya nyota wangekuwa na semina Homa Bay, nilifunga mkoba.

Siku ya kwanza nilipita Migori, nikafika Asumbi jioni, nikalala kwa mwalimu mwenzangu wa zamani. Alfajiri mkewe alituita uani.

"Tazama, Mwalimu. Mkia umeelekea paa letu hasa, na mume wangu anajifanya haoni."

"Ninaona," mumewe alisema. "Ila paa hili lilivuja kabla ya nyota."

Niliandika katika daftari: Masara, juu ya boma la Okelo; Asumbi, juu ya paa la mwenyeji wangu.

Siku ya pili lori la pamba lilinifikisha Homa Bay. Kesho yake, kabla ya jua, nilishuka ufukoni. Mama mmoja muuza samaki aliniapia kwamba mkia unaonyesha kwao Sindo, na kwamba asiyeona hilo ni kipofu. Niliandika hayo pia.

Saa tatu tulikaa darasani, walimu na watafiti wapatao ishirini. Msemaji alikuwa mhadhiri kijana kutoka Nairobi. Hakumaliza mstari wa tatu ubaoni kabla mwenzake hajamkatiza: "Hesabu hiyo haisimami, bwana." Nilikaribia kuinuka nimkaripie, kwetu mtu hakatizwi akinena. Lakini msemaji alitazama ubao, akafuta kwa kiganja. "Ahsante. Umeniokoa na aibu ya kuichapisha." Wakacheka wote, naye akacheka nao.

Zamu ya maswali ilipofika, nilisimama nikasoma daftari langu, pamoja na hoja yangu ya ng'ombe.

"Hapo kwa ng'ombe umekosea, Mzee," msemaji alisema bila kusita. "Mkia husukumwa na jua, nao hulikimbia daima. Nyota hii itakapoliacha jua, itakwenda mkia mbele. Lakini haya ya mapaa, umeyajuaje?"

"Kwa macho yangu, mahali patatu."

"Basi umetuletea ushahidi. Iko mbali mno, ndiyo maana kila mtu anaiona juu ya kwake."

"Itaondoka lini?"

"Sijui. Tumeipima siku chache tu."

Nilirudi Masara siku ya tano. Okelo alikuwa juu ya nyumba, ameezua nusu ya paa, na majirani wamesimama chini. Nilisema mbele yao, "Habari ya ng'ombe nilikosea." Wakatazamana. Katika miaka yote ya kushika chaki sikuwahi kutamka neno hilo hadharani. Kisha nikasoma daftari, mahali kwa mahali.

"Na huyo mtaalamu," Okelo aliuliza, "alisema itaondoka lini?"

"Alisema hajui."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, ubao ukiwa nyuma yake."

"Kule sokoni," Okelo alisema, "sijakutana na mtu asiyejua." Akashuka, akamwita mkewe alete mbegu.

Maisha yangu yote nimedharau uvumi, nikiamini kwamba ni maradhi ya wasiosoma. Safari ile ilinifunza kwamba nami niliubeba, na kwa kuwa niliusema kwa Kiswahili safi niliuita elimu. Tulipanda hadi jua likazama, nami mgongo wangu wa kizee ukanihukumu kwa siku tatu.