Sufuria ya Matanga

Jirani yangu hapa mjini Katy, muuguzi aliyestaafu mwezi wa tatu, akikasirika husugua. Kila matanga ya Wakenya, sufuria kubwa ni yake na mpishi ni yeye, nasi bila haya humrudishia asubuhi ikiwa na ukoko. Hukunja mikono ya sweta akaisugua kwa waya mpaka vidole viwe vyekundu. Jumamosi alikuwa akiuza vyombo kwenye gereji yake, kwa sababu anahamia mji mdogo wa chuo huko Mississippi, akasome historia. Niliwahi ili niinunue ile sufuria, nikakuta mwenyekiti wa kamati ya mazishi amenitangulia, mkono tayari kwenye ukingo wake.

"Mama, umri huu shule ni ya nini?" alisema akicheka. "Na huko ugenini nani atakuzika?"

"Miaka ishirini nawapikia," akajibu polepole. "Hakuna aliyewahi kuuliza kama mimi nimekula."

Akachukua drili, akaipindua sufuria, akaitoboa matundu sita mbele yetu.

"Sasa matanga ya kule Stafford wiki ijayo tutapikia nini?" mwenyekiti akauliza.

"Hii ni ya kupandia sukuma wiki," akasema.

Nilikuwa nimekuja na bei mbili kichwani, ya kuanzia na ya mwisho. Sikutaja hata moja.