Kompyuta Iliyomkimbiza Bi Muanaxa

Sheikh wetu, wazee, akina mama wa darasa la jioni, nanyi vijana mliomo katika kundi hili la simu: amani iwe kwenu.

Leo kompyuta yetu imemhamisha mtu kutoka mji wetu wa Palma.

Karani wetu, Bi Muanaxa, alitaka kusasisha programu za Linux. Akaandika senha yake, yaani neno lake la siri. Skrini ikajibu kwa Kireno kwamba hana ruhusa ya msimamizi, na kwamba tukio hilo litaripotiwa.

"Litaripotiwa kwa nani, mwalimu?" akaniuliza.

Bwana Saidi, aliyeketi karibu, akadakia: "Jitayarishe, dada, gari la askari liko njiani!"

Baadhi yenu mlicheka. Mimi sikuhisi kitu, si hasira wala huruma.

Msimamizi wa kompyuta ile ni mimi. Taarifa hiyo hubaki ndani ya mashine, nami ndiye wa kuisoma.

Nilipogeuka kumweleza, kiti kilikuwa kitupu. Alikwisha kupanda pikipiki kwenda kwa dada yake, kijiji cha Mute. Simu ameizima.

Hapa kwetu, mtu akisikia ameripotiwa hangoji maelezo.

Ruhusa ya msimamizi nimeshampa. Kesho asubuhi Bwana Saidi atakwenda Mute kumwomba radhi na kumrudisha, pamoja na akina mama wawili. Andikeni hapa chini ni akina nani.