Mchoraji Wetu na Kamati ya Kumbukumbu Zake

Habari ya kifo chake niliipata kituoni Laela, nimekalia gunia la mahindi la mtu nisiyemjua, nasubiri gari la kunirudisha Sumbawanga. Lori lililokuwa likielekea Tunduma likasimama, utingo akanitambua, akaning'inia mlangoni. "Mzee, pole. Yule rafiki yako wa vibonzo tumemzika juzi, kwao Mwazye." Nikamwambia aache utani. Akaniangalia kwa huruma. "Mzee wangu, mambo ya kifo mtu anatania?" Lori likaondoka, mimi nikabaki na vumbi machoni. Wasomaji wangu wa siku nyingi wameshajua namsema nani. Wasiomjua sitawatajia jina, maana jina lake siku hizi lina wenyewe: limeundiwa kamati. Mimi nitamwita mchoraji tu, na wa kununa anune.

Kazi ya mshahara aliyokuwa nayo ilikuwa kuchora mabango ya ofisi: chemsheni maji, chimbeni vyoo, pelekeni watoto kliniki. Aliyachora vizuri, lakini roho yake haikuwa huko. Roho yake ilikuwa kwenye karatasi za kaki za kufungia sukari, alizopewa bure na mwenye duka mmoja wa mjini, Mwislamu mcheshi aliyependa kucheka kuliko kuuza. Kila Jumamosi mchoraji alibandika kibonzo kipya kwenye mlango wa duka lile. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja yuleyule, tumbo mbele, mkoba kwapani, jina lake Bwana Kikao. Nyumba ya jirani inaungua, Bwana Kikao anaitisha kikao cha kujadili maji. Mke wake ana uchungu wa kuzaa, Bwana Kikao anaomba mtoto asubiri mpaka akidi itimie. Maneno aliyachanganya, Kiswahili na Kifipa, na waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Nimewaona kwa macho yangu akina mama wa Muze, wameteremsha mizigo yao ya samaki, wanacheka huku wameshika ukuta wasianguke. Nani leo anawachekesha watu wale?

Kilichomponza ni ntumba. Sisi wa uwanda huu tunalima hivyo tangu mababu: unakusanya majani, unayafukia kwa udongo, unapata vilima vidogo vya duara, majani yanaoza ndani yanakuwa mbolea, msimu unaofuata unapanda. Akaja ofisa kutoka mbali, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, akasimama kando ya shamba akasema anaona makaburi. Akataka matuta yaliyonyooka. Akamwagiza mchoraji atengeneze bango kubwa la mkutano: kushoto ntumba na alama nyekundu ya kosa, kulia matuta na alama ya vema. Siku ya mkutano bango likafunuliwa. Kushoto ntumba, alama ya kosa kama ilivyoagizwa, na juu ya kila ntumba mahindi yamesimama yamemzidi mtu kimo. Kulia matuta, yamenyooka kama yamepigwa rula, na juu yake hakuna hata jani. Ofisa akauliza, "Ndugu, mbona huku hakuna mahindi?" Mchoraji akajibu kwa adabu zote, "Ndugu Ofisa, uliniagiza mistari iliyonyooka. Mahindi hukuyataja." Wee! Mkutano mzima ulivunjika mbavu. Mpaka katekista alijifunika uso kwa kofia.

Kicheko kile kilimgharimu kazi. Aliondolewa kwa maelezo kwamba anabeza juhudi za maendeleo. Mwenye duka naye akaitwa, akaulizwa kama leseni yake anaipenda, na mlango wake ukabaki mtupu kila Jumamosi. Mchoraji akarudi Mwazye kulima ulezi, na usipime, alilima kwa ntumba. Jioni alichora. Nilipomtembelea nilimkuta ana furushi la vibonzo ambavyo hakuna aliyeviona isipokuwa mke wake, aliyekuwa akivinyoosha kwa pasi ya mkaa na kuvipanga kwenye sanduku la bati. "Siku hizi nachorea kuku," aliniambia. "Hawacheki, lakini pia hawaandiki ripoti." Tulicheka wote watatu, kisha mkewe akarudi kwenye pasi yake.

Sasa asije mtu akanibambikia kwamba napinga Ujamaa. Mawe ya msingi wa shule ya kijiji nimeyabeba kwa bega hili hili, na sijutii hata moja. Kulima pamoja na kugawana ni jambo la heri, na mchoraji aliliamini kuliko wengi waliolipigia makofi. Kinachonichoma ni hawa wanaodhani mtu akicheka basi ameasi. Kijiji kisichoweza kumcheka mwenyekiti wake hakiwezi kumwambia pia kwamba kisima kimekauka. Watu wanaitikia kaulimbiu, wanarudi nyumbani wanalala na njaa, na mkubwa anaandika kwamba wananchi wameridhika. Ukimfukuza mtani wako umebaki na wanafiki, na hao ndio tulionao, tele.

Nilifika Mwazye kwenye kumaliza matanga. Misa ilikwisha, pombe ya ulezi ikazunguka, mara Landrova ikaingia. Akashuka ofisa yuleyule wa matuta, sasa amepanda cheo na tumbo limemfuata. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kusema anajua. Alisema marehemu alikuwa hazina ya taifa, alisema pengo lake halitazibika, na hakuona haya hata kidogo. Kisha akatangaza kwamba imeundwa Kamati ya Kumbukumbu, na makaratasi yote ya marehemu yatachukuliwa mjini yakahifadhiwe. Mjane akasimama, kaniki yake begani. "Yote?"

"Yote, mama. Hata kipande kisibaki."

"Na yale yanayokucheka wewe?"

Watu waliinamisha vichwa. Ofisa akacheka kicheko kirefu cha mdomoni. "Na hayo pia, mama. Sisi hatuna kinyongo." Makofi yakapigwa, sanduku likapakiwa. Mimi lile neno kuhifadhi halikunikaa vizuri. Hospitalini nimeliona limeandikwa mlangoni, kwenye chumba cha maiti.

Mvua zikaja zikaisha, hatukusikia neno. Ndipo siku moja mjane akateremka kwangu kutoka kwenye lori la mahindi, miguu imejaa vumbi. "Shemeji, nipeleke nikayaone. Watoto wameanza kumsahau baba yao. Mdogo ameniuliza baba alikuwa anachekaje, nikakosa la kumwonyesha. Kicheko chake kimo mle." Nikavaa koti, tukaenda.

Ofisa alikuwa kikaoni. Sanduku tulilikuta kwenye ukumbi, ndani yake mna mafagio na kopo la dawa ya sakafu. Mpiga chapa, binti mwenye heshima zake, alituamkia akatuonyesha faili jembamba: maji ya kuchemsha, vyoo, kliniki. Basi. Nikamuuliza mengine yako wapi, akasema mengine Kamati iliona hayahusiki. Yako wapi sasa? Hapo akaanza kupanga penseli zake. Nilihisi damu inanipanda. Mjane akanitangulia, akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, mimi sina maneno. Nimekuja kuomba kumbukumbu za mume wangu."

Uso wa binti ukafunguka. "Aa, kumbukumbu! Si ungesema mapema, mama? Zipo, nimezichapa mwenyewe." Akavuta kabati, akatoa bunda zito, akalikabidhi kwa mikono miwili. Nikasoma karatasi ya juu: Kumbukumbu za kikao cha kwanza cha Kamati ya Kumbukumbu za Marehemu. Kufungua kikao. Salamu za mwenyekiti. Chai. Nikataka kumweleza binti kwamba hakuelewa, kwamba mama huyu hakuja kutafuta mihtasari. Lakini rangi ya karatasi ilinishtua. Ilikuwa kaki. Mjane alikuwa ameshaigeuza. Upande wa nyuma alisimama Bwana Kikao, tumbo mbele, mkoba kwapani, na matundu mawili ya kufungia faili yametoboa macho yake yote mawili.

"Karatasi hakuna nchi nzima, mzee," binti alisema, wala hakuwa na ubaya moyoni. "Tukaambiwa tutumie hizi, nyuma zilikuwa safi." Nyuma! Kwao wao kazi ya mtu ya maisha yake yote ndiyo nyuma, na chai yao ndiyo mbele. Nilifungua mdomo ili nitukane, mjane akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote.

"Ndizo hizi, mwanangu," alisema. "Nipe zote."

"Za vikao vyote, mama?"

"Vyote. Nataka kujua mlivyosema."

Hapo ofisa akatoka kikaoni, akaelezwa. Jamani, mtu yule alivimba. "Mnaona?" aliwaambia waliomfuata. "Mwananchi wa kawaida anafuatilia vikao! Mpeni zote." Akampa mjane mkono. Mjane akaupokea, akapiga goti kidogo kama mila inavyotaka, akasema asante, baba. Lakini za vikao vya katikati hazikuwapo. Hizo zilikuwa zimeshapelekwa wilayani na makao makuu, na huko nani atageuza karatasi?

Tulikaa stendi, upepo unatutia baridi, akawa anazipitia moja moja magotini. Nyingine nukta za mashine zimechoma mpaka upande wa pili, zikampa Bwana Kikao ndui. Ile ya nyumba inayoungua haikuwamo. Ile ya mtoto asubiriye akidi haikuwamo. Alilia, na hakulia kilio cha msibani, alilia kwa hasira, meno yameumana. Kisha akakuta moja ambayo sikuwahi kuiona: mchoraji mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, anachora, na kuku wamepanga foleni nyuma yake kutazama, mdomo wake wazi kwa kicheko. Akaifuta kwa kanga, akaitia kifuani. "Hii itamtosha mdogo," alisema. "Wewe shemeji andika kwenye gazeti lako. Waambie watu."

Basi nawaambia. Mwenye kuchekwa hawezi kumtunzia mchekeshaji kazi yake. Atamsifu sana akishakufa, kwa sababu maiti hachori, kisha atamgeuza upande ulio safi. Wa kumtunza ni yule aliyecheka naye. Kama una kibonzo chake, iwe Muze, iwe Laela, iwe kijiji chochote cha uwanda huu, kiache hapo hapo ukutani jikoni kipigwe moshi, na waonyeshe wanao. Akija mtu na gari akasema anataka kukihifadhi, mwambie kimeliwa na mchwa.